Uzi: Usimpime mbunge kwa idadi ya michango, mtazame Filikunjombe

#1 Mpangwa wa Mlangali

Wakuu, habari za jioni.

Juzi kwenye kundi letu la wilaya kuna mtu alitupia orodha ya wabunge na idadi ya mara walizosimama bungeni. Huyu maswali mengi, huyu machache, huyu michango kibao, huyu kimya. Dakika chache tu wenye namba ndogo walikuwa wameshasulubiwa, na wenye namba kubwa wanapewa pongezi. Jambo hili limenikaa moyoni siku mbili, nikaona nishushe uzi. Mimi natokea Ludewa, na sisi tuliwahi kuwa na mbunge ambaye kazi yake kubwa huwezi kuikuta kwenye hesabu ya namna hiyo.

Namzungumzia marehemu Deo Filikunjombe. Aliingia bungeni 2010 kwa tiketi ya CCM, akafariki Oktoba 2015 kwa ajali ya helikopta katika pori la Selous, siku 10 kabla ya uchaguzi mkuu. Uchaguzi wa ubunge wa Ludewa ukaahirishwa kwa sababu hiyo. Hakuwahi kuwa waziri wala naibu waziri. Miaka yote mitano alikuwa mbunge wa viti vya nyuma, na wa chama kinachotawala, nafasi ambayo wengi wanaamini kazi yake ni kugonga meza na kuunga mkono hoja asilimia mia moja.

Kwanza tuelewane mbunge wa aina hiyo ana zana gani mkononi. Akichangia bajeti ya wizara anapewa kama dakika 10, na waombaji wakiwa wengi zinapunguzwa. Katika hizo, mbili zinakwenda kumshukuru Mwenyezi Mungu, Spika, Rais, waziri, naibu waziri, katibu mkuu na wapiga kura. Akianza kuingia kwenye jambo lenyewe, kengele inagonga. Swali la msingi linajibiwa kwa karatasi iliyoandaliwa na wataalamu wa wizara, halafu anaruhusiwa maswali mawili ya nyongeza. Kwenye Kamati ya Matumizi, pale Bunge zima linapopitia bajeti kifungu kwa kifungu, anaweza kushika shilingi ya mshahara wa waziri, yaani kuzuia kifungu hicho kisipite, mpaka apewe maelezo ya kuridhisha. Ni silaha nzuri, ila mara nyingi mnajua inavyokwisha: waziri anaahidi, mbunge anarudisha shilingi, tunasonga mbele. Muswada unaogusa kodi au matumizi ya serikali ndiyo kabisa, ibara ya 99 ya Katiba haimruhusu mbunge wa kawaida kuuleta.

Nguvu yake iko kwenye kamati. Kule hakuna kengele ya dakika 10. Ripoti ya CAG, yaani Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, iko mezani, afisa masuuli, mtendaji anayewajibika kwa fedha za taasisi, yuko mbele yako na wasaidizi wake, na ukiwa umeisoma ripoti hakuna wa kukupiga chenga. Kwa utaratibu wa Bunge letu, kamati za hesabu huongozwa na mbunge wa upinzani, na makamu wake akatoka chama tawala. Zitto Kabwe wa Kigoma Kaskazini alikuwa mwenyekiti wa PAC, kamati ya hesabu za Serikali, na Filikunjombe ndiye makamu wake. Watu wanapoitaja kamati ile humkumbuka Zitto peke yake, na si kosa, kwa sababu alistahili. Lakini mimi nataka tumwangalie aliyekaa kiti cha pili, kwa kuwa yeye ndiye alikuwa na kitu cha kupoteza ndani ya chama chake.

Aprili 2012 ripoti ya CAG ilipotikisa Bunge, Zitto alianza kukusanya saini za hoja ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu Pinda. Ibara ya 53A inataka saini za asilimia 20 ya wabunge wote, yaani kama 70 kwa Bunge lile. Upinzani peke yao wasingeamua kusaini wote kwa siku moja, na hata wangesaini, kitendo hicho kingeonekana ni chao tu. Filikunjombe alisaini. Mbunge wa CCM, wa muhula wa kwanza, hana hata miaka miwili bungeni, anaweka jina lake kwenye karatasi ya kumng'oa Waziri Mkuu wa chama chake! Mei 4 mwaka huohuo Rais Kikwete alipanga upya baraza na mawaziri 6 wakaachwa nje, akiwemo wa Fedha na wa Nishati.

Sasa nije kwenye sakata la Escrow, ile akaunti ya Benki Kuu iliyotunza fedha za mgogoro wa TANESCO na kampuni ya umeme ya IPTL. Tarehe 26 Novemba 2014 nilikuwa Njombe mjini kwenye duka la pembejeo, nasubiri mzigo wa mbolea. Mvua ilikuwa inanyesha ile ya kwetu isiyo na haraka. Juu ya rafu ya dawa za viazi kulikuwa na runinga ndogo, taarifa ya PAC inasomwa moja kwa moja kutoka Dodoma. Mwenye duka alikuwa anampimia mama mmoja mbegu ya mahindi. Mkono wake ukaishia hewani na kijiko cha bati, mizani inaning'inia, na yule mama wala hakulalamika, naye alikuwa ameinua uso anasikiliza. Shilingi bilioni 306 na ushei zilizotoka kwenye akaunti Benki Kuu. Miezi yote ile nchi nzima ilikuwa inazungushwa na swali moja: fedha ile ilikuwa ya umma au ya kampuni binafsi? Kamati ilikuja na nyaraka ikasema ndani yake kulikuwa na fedha ya umma.

Usiku wa tarehe 29 Bunge lilipitisha maazimio 8. Desemba Mwanasheria Mkuu Werema alijiuzulu, na Rais akatengua uteuzi wa Waziri wa Ardhi, Profesa Tibaijuka. Januari 2015 Profesa Muhongo wa Nishati na Madini naye akajiuzulu.

Kwenye ile orodha ya namba, siku hizo zote zinahesabiwa sawa na mbunge aliyesimama kuomba gari la wagonjwa. Hilo ndilo linaloniuma. Naomba tujadili kwa hoja, bila uchama.

---

#2 Kipenga

Mkuu nakuheshimu, ila unapaka rangi nzuri mno. Ile hoja ya 2012 haikufika popote. Spika Makinda alisema inatakiwa taarifa ya siku 14 na mkutano ulikuwa unakwisha, ikaishia hapo, Pinda akaendelea na kiti chake mpaka 2015. Na Escrow, maazimio ya mwisho hayakumgusa Waziri Mkuu wakati taarifa ya kamati ilikuwa imemtaja. Watu watatu kuondoka kwenye nafasi zao ni jambo kubwa kweli? Zile bilioni zilirudi?

Mimi nataka mbunge anayepigania maji na barabara. Nikiona amesimama mara nyingi kuulizia barabara yangu, kwangu huyo anafanya kazi.

---

#3 Mhasibu Mstaafu

Nimeguswa na uzi huu. Nitasema nilichokiona kwa macho yangu, kwa sababu nilikaa upande wa pili wa meza ile.

Nilikuwa mhasibu kwenye shirika moja la umma, sitalitaja. Mwaka mmoja tuliitwa kwenye kamati ya hesabu, Ofisi Ndogo ya Bunge, Dar es Salaam. Siku tatu kabla hatukulala. Tulibandika vikaratasi vya rangi kwenye vocha ili mkurugenzi akiulizwa tu, sisi tuchomoe. Tulikwenda na maboksi manne ya mafaili na kitabu cha majibu ya menejimenti, kimepigwa jalada zuri.

Kulikuwa na hoja ya ukaguzi ya masurufu ya safari, fedha wanazotangulizwa watumishi, yaliyokaa zaidi ya mwaka bila kurejeshwa. Jibu letu lilikuwa sentensi moja: menejimenti inaendelea kufuatilia na hatua stahiki zitachukuliwa. Wajumbe wengi walipita hapo wakaenda kwenye mambo makubwa. Mjumbe mmoja, wa chama tawala, hakuwa ameongea asubuhi yote. Akaomba nafasi. Akatoa ripoti ya mwaka ule, ya mwaka uliotangulia, na ya mwaka juzi wake. Akazipanga mezani mbele yake, akasoma jibu letu kutoka kila moja, polepole. Lilikuwa lilelile, mpaka nukta. Kisha akamwuliza mkurugenzi swali moja: kati ya hatua hizo stahiki, nitajie moja iliyochukuliwa.

Ukimya uliofuata nausikia hadi leo. Mkurugenzi alinigeukia. Sikuwa na karatasi ya kumpa, kwa sababu karatasi hiyo haikuwepo duniani.

Tulirudishwa. Tukapewa tarehe ya kuja na orodha ya majina, kiasi, na uthibitisho wa makato kwenye mishahara. Tulirudi nayo. Ndani ya miezi ile fedha zilianza kukatwa kwa watu ambao hakuna aliyewahi kuthubutu kuwagusa. Hakuna runinga iliyokuwepo, na kwa wapiga kura wake mjumbe yule siku hiyo alihesabika hayupo. Ukiniuliza mimi, sijawahi kuona mtu akiilinda fedha ya umma kwa ukaribu vile.

---

#4 Mpangwa wa Mlangali

Mzee wangu #3, nakushukuru sana. Umesema kwa aya chache nilichotaka kusema kwa uzi mzima.

Kipenga, nakujibu. Barabara nazijua, sisi watu wa Ludewa tusingezisahau hata tungetaka. Njia ya Itoni kuja Ludewa hadi Manda ilikuwa kilio chetu miaka nenda rudi. Ukija masika na lori la viazi, unalala njiani. Makaa ya Mchuchuma na chuma cha Liganga nayo, mkataba na Wachina ulisainiwa 2011 na mradi umesemwa hadi sauti zikakauka. Hakuna mbunge wa Ludewa anayeweza kukaa bungeni bila kuyasema hayo. Lakini hebu jiulize, fedha ya barabara inatoka wapi? Inatoka kwenye mfuko uleule unaotobolewa. Mbunge anayeomba barabara asubuhi, na jioni akapitisha hesabu zenye matundu bila kuuliza, amefanya nusu ya kazi.

Kuhusu 2012, ni kweli hoja haikuingia hata kwenye ratiba. Ila mawaziri 6 wametoka ndani ya wiki mbili tangu mkutano ule ufungwe. Sisemi saini ndiyo sababu pekee, CCM nao walikuwa wanachemka ndani kwa ndani. Nasema karatasi ile yenye majina ya watu wa chama tawala ilifanya jambo lisiweze kuitwa kelele za upinzani.

Na Escrow, unalosema la Waziri Mkuu ni kweli. Maazimio yalifanyiwa maridhiano usiku ule na makali yakapungua. Bunge haliwezi kumfukuza waziri mmojammoja, linaazimia tu na mamlaka ya uteuzi inaamua. Kesi nazo zilikuja kuchelewa. Wahusika wakuu wawili walifikishwa mahakamani Juni 2017, na mmoja wao, Harbinder Singh Sethi, alikiri kosa kwa makubaliano Juni 2021 na kutakiwa kulipa bilioni 26.9. Ukilinganisha na 306 ni kidogo, nakubali, na inauma. Lakini bila taarifa ya kamati hata hiyo 26.9 ingetoka wapi?

---

#5 Sauti ya Kigoma

Mkuu, kwenye Escrow umemruka mtu. David Kafulila, mbunge wa Kigoma Kusini kwa NCCR-Mageuzi. Yeye hakuwa na kamati ya kumbeba. Kwenye bajeti ya Nishati ya 2014 alisimama na makaratasi yake akalisema jambo hili wakati wengi hata neno escrow hawajalisikia. Alishambuliwa humo humo ndani, akatishwa, akaendelea. Ndipo Serikali ikakubali CAG na TAKUKURU, taasisi ya kuzuia rushwa, wachunguze, na taarifa ya CAG ndiyo ikaenda PAC. Kwa hiyo dakika 10 za ukumbini nazo tusizidharau.

---

#6 Mpangwa wa Mlangali

Umenikosoa kwa haki, na nakiri nilivuta sana upande mmoja. Kafulila aliwasha moto, CAG akaleta ushahidi, PAC wakaufikisha mezani. Mlolongo huo ndio ningependa watu wauone. Ukikata kipande kimoja, vingine vinabaki maneno matupu.

---

#7 Dada wa Geita

Kaka zangu naona mnazungumza mabilioni tu. Naomba niongeze la kwangu, dogo kwa macho ya wengi.

Upendo Peneza aliingia 2015, viti maalum, CHADEMA. Mnajua viti maalum wanavyosemwa, kwamba hawana jimbo, kwamba ni wapambe. Yeye alisimamia jambo moja, taulo za kike. Alisema ndani ya Bunge, mbele ya wanaume wengi wenye aibu ya kusikia neno hedhi, kwamba kuna mabinti wanakosa masomo kila mwezi kwa sababu ya bei. Alirudia, akarudia tena. Bajeti ya 2018/19 Serikali ikaondoa VAT kwenye taulo za kike.

Mwaka uliofuata ikarudishwa. Sababu iliyotolewa ni kwamba bei madukani haikushuka. Nilikuwa nauza duka wakati ule, na nawaambia ukweli, pakiti ilikuja kwa bei ileile, mie nikaiuza kwa bei ileile. Kwa hiyo sijui tuiite kazi iliyofaulu au iliyoshindwa. Ila kabla ya hapo sikuwahi kumsikia mwanaume akitaja jambo hili kwenye kaunta yangu, na baada ya mjadala ule walianza kuja baba zao, wanasema wazi, naomba pakiti ya binti yangu.

---

#8 Mhasibu Mstaafu

Dada, hilo nalo ni la kuandikwa. Na niongeze la kiufundi: ndiyo maana kamati zinahitaji kufuatilia baada ya sheria kupita. Kodi iliondolewa, nani alipita madukani kuangalia bei? Ilikuwa kazi ya mtu, na haikufanywa.

---

#9 Mwanachuo Mlimani

Shikamooni wakubwa. Nasoma uzi huu nikiwa na swali. Mimi 2014 nilikuwa shule ya msingi. Tangu Januari 2016 TBC walipoacha kurusha vikao vyote moja kwa moja, kizazi chetu tumekua tukiona vipande tu, mbunge akitupiwa taarifa, akiomba mwongozo, wakizozana. Mtu atajuaje mbunge wake anafanya nini kwenye kamati ikiwa hata ya ukumbini hatukuwa tunayaona vizuri?

---

#10 Mpangwa wa Mlangali

Marahaba mwanangu. Nitakueleza ninavyofanya mimi.

Taarifa Rasmi za Majadiliano, yaani Hansard, zipo kwenye tovuti ya Bunge. Zimeandikwa neno kwa neno, mpaka "Makofi" na "Kicheko" vimo kwenye mabano. Usianze kwa kutafuta jina la mbunge wako. Anza na tarehe ambayo kamati yake iliwasilisha taarifa ya mwaka. Soma taarifa nzima, halafu rudi kwenye ripoti ya CAG uone hoja zipi zimechukuliwa na zipi zimeachwa. Usiruke michango ya maandishi, ile ambayo mbunge hakupata nafasi ya kusema akaikabidhi mezani. Huko ndiko utakuta aliyesoma na asiyesoma. Mwingine anaandika salamu tupu, mwingine anaandika namba ya kifungu, jina la kijiji, kiasi kilichoidhinishwa na kilichofika.

Kisha rudi kwenye majibu ya waziri mwaka unaofuata. Ukikuta sentensi ileile, fanya kama yule mjumbe wa mzee wetu #3. Ziweke pamoja.

Kwa Escrow anza na tarehe 26 Novemba 2014, usome mpaka 29. Ni ndefu. Usikate tamaa kurasa za mwanzo, zina utaratibu mwingi na mabishano ya kama Bunge linaruhusiwa kujadili, maana kulikuwa na zuio la mahakama na Spika ilibidi atoe uamuzi. Ibara ya 100 ya Katiba, kuhusu uhuru wa majadiliano bungeni, utaiona ikifanya kazi pale.

---

#11 Kipenga

Nimesoma yote. Kwenye masurufu ya #3 nimenyamaza. Bado nataka barabara yangu, lakini leo nimekwenda kuangalia mbunge wangu yuko kamati gani, na nimeona aibu kwamba miaka yote hii sikuwa najua. Yuko LAAC, kamati ya hesabu za halmashauri. Na halmashauri yetu ilipata hati yenye shaka. Nitamwuliza akija, mbele ya watu.

---

#12 Mwanachuo Mlimani

Shikamoo tena. Nimeipata ya tarehe 26. Nimeanza saa mbili usiku, sasa ni saa saba kasoro. Nimechukua daftari, naandika pembeni kila mjumbe aliyesema na alichotaka. Upande wa CCM nilidhani nitakuta jina moja au mawili, nimeshajaza ukurasa. Kesho naendelea na tarehe 27.